Gasketi ya Karatasi

Jumatatu ya kwanza ya Novemba, mwaka tisini na saba, Kelestini aliisukuma pikipiki yake mpaka kwenye banda la fundi Fulgensi, Lipangalala, mjini Ifakara, akaiegemeza ukutani na kuomba maji ya kunywa. Ilikuwa imemzimikia mara tatu tangu atoke Mchombe. Mara mbili ilikaa robo saa kisha ikawaka yenyewe. Mara ya tatu alichoka kupiga kiki.

Ilikuwa pikipiki nyekundu, zamani mali ya mradi wa afya uliofunga ofisi na kupiga mnada kila kitu, hadi mapazia. Kelestini aliinunua kwa mpunga wa misimu miwili. Watu wa Mchombe walimcheka: mkulima na pikipiki wapi na wapi. Mwaka juzi mkewe Dorotea alishikwa na uchungu siku ambayo hapakuwa na treni wala lori, na mtoto akafia tumboni huku wakisubiri usafiri. Sasa Dorotea alikuwa na mimba ya miezi saba. Kelestini alitaka chombo cha kumfikisha hospitali ya Ifakara siku yake ikifika, basi. Hakuwa na haja nyingine ya pikipiki hapa duniani.

Fulgensi hakuwa fundi wa kubahatisha. Alifungua plagi, akaisugua, akatazama cheche. Ilikuwa ya buluu, nzuri. Akapuliza tundu la kifuniko cha tangi, maana likiziba petroli haishuki. Akafungua kabureta, akaitoa matope ya miaka. Alipokuwa anairudisha akaona gasketi yake ya kuziba maungio imekwisha, injini inavuta hewa pembeni. Wiki ile mji mzima haukuwa na gasketi. Chini ya kiti palikuwa na kitabu cha safari cha mradi, kurasa zake nene, na Fulgensi alichana ukurasa mmoja, akaukata kwa wembe kufuata umbo la chuma, akaupaka grisi na kufunga. Mafundi wote wa bonde lile wamewahi kufanya hivyo.

"Sasa itatulia," alisema.

Wakaenda kuijaribu kwenye njia ya Idete, Fulgensi amekaa nyuma. Ilikwenda vizuri kwa nusu saa, kisha ikazimika mbele ya mzee aliyekaa kando ya barabara, mguu umevimba na kufungwa kanga.

"Shikamoo mzee," alisema Fulgensi.

"Marahaba. Mmechelewa. Mimi ni wa tarehe nne Juni, mwaka tisini na moja."

Fulgensi alikitoa kitabu. Tarehe nne Juni iliandikwa hivi: mgonjwa mmoja, mguu, amefikishwa Ifakara. Chini yake ilikuwa sahihi ya Bwana Hilary, mratibu wa mradi. Mzee alisema hakufikishwa popote. Alisubiri hapo siku mbili, ya tatu akafa.

Fulgensi alishuka kumpisha. Mzee alipokaa tu, injini ikawaka bila kiki. Kelestini alimpeleka hadi lango la hospitali, mzee akashuka, akashukuru, akaenda kukaa kwenye benchi la wagonjwa. Kelestini alipogeuza pikipiki benchi lilikuwa tupu. Fulgensi alirudi mjini kwa miguu, anamlaani Bwana Hilary, ambaye hakuwepo.

Kesho yake alitoa majibu yake ya kifundi. "Umeme mzima, petroli inashuka. Tatizo ni safari zilizoandikwa na hazikwenda. Zikiisha, itatulia."

Safari zilikuwa thelathini na moja. Miaka ile bonde lote lilijua kwamba pikipiki ya wagonjwa ilibeba mpunga wa Bwana Hilary na saruji ya nyumba yake, lakini kujua ni jambo moja na kusema ni jingine. Kelestini akaanza kuzitembeza. Alimbeba mtoto mwenye surua aliyekumbatia kuku, na bibi aliyelalamika njia nzima kwamba anaendesha kama mlevi. Marehemu hawakuwa na uzito, ila petroli ilikwisha vilevile. Kila aliporudi alikata mstari mmoja kwa penseli, na mkesha wa Krismasi akakata wa mwisho. Baada ya hapo alikwenda Ifakara na kurudi mara mbili bila kuzimikiwa. Dorotea, na tumbo lake lote, aliiosha pikipiki kwa sabuni ya kuogea.

Hakuna aliyehesabu kurasa.

Uchungu ulimshika Dorotea asubuhi ya tarehe kumi na mbili Januari, mvua ikiwa haijakatika kwa siku tisa. Alipanda nyuma na beseni lake la kanga na nguo za mtoto, wakaondoka. Matopeni injini haikukohoa hata mara moja. Walipofika Idete, mbele ya kibanda cha Levina muuza vitumbua, ikazimika.

Chini ya upenu alisimama mwanamke mjamzito, kanga yake imepauka.

"Mimi naitwa Balbina," alisema. "Wa tarehe kumi na moja Machi, mwaka tisini na mbili."

Kelestini alifungua kitabu. Baada ya tarehe tisa Machi ilifuata tarehe kumi na tano. Katikati palibaki mzizi wa karatasi iliyochanwa. Alitazama kabureta.

"Ukurasa wako umo humu ndani," alisema.

"Mimi mambo ya kurasa siyajui. Niliambiwa pikipiki inakuja."

Walijaribu. Kelestini alipiga kiki mpaka kisigino kikatoka damu. Walipanda wote watatu, haikuwaka. Mradi siku zote uliandika mgonjwa mmoja. Gasketi asingeweza kuitoa, maana bila gasketi injini ingevuta hewa isiende kokote. Balbina alipopanda peke yake iliwaka mara moja.

Dorotea alikuwa amekaa kwenye benchi la Levina, anapumua huku ameuma meno.

"Mpeleke mwenzangu," alisema. "Ukirudi itakuwa huru."

Ilikuwa kweli, na hapakuwa na njia nyingine. Kelestini alilia mbele za watu, akaondoka.

Njiani Balbina aliuliza mimba ya Dorotea ni ya ngapi. Akaambiwa ya pili. "Yangu ilikuwa ya kwanza," alisema. "Nisamehe, kaka."

"Siyo kosa lako, dada."

Alishukia langoni kama wenzake. Kelestini aliomba gari la wagonjwa, akaambiwa liko ng'ambo ya mto na kivuko kimesimama kwa mafuriko. Akageuza. Pikipiki haijawahi kwenda vizuri kama siku ile. Ilipanda matuta, ilivuka maji, mlio wake mmoja tu mwanzo hadi mwisho. Mbele ya kibanda cha Levina haikuzimika, aliizima mwenyewe. Dorotea alikuwa amekufa kitambo kidogo kilichopita, yeye na mtoto, na Levina alikuwa amewafunika kwa kitenge chake kipya.

Siku ya tatu ya msiba Bwana Hilary alifika Mchombe kutoa pole. Sasa aliratibu mradi mwingine, na pikipiki yake ilikuwa mpya, ya buluu. Alipokea shikamoo zake, akala wali, akasema kazi ya Mungu haina makosa. Kabla ya kuondoka aliweka kitabu cha safari cha mradi huo juu ya kiti, akaandika. Kelestini alisimama nyuma yake akasoma: tarehe kumi na mbili Januari, mgonjwa mmoja, mjamzito, Idete hadi Ifakara, amefikishwa.

"Huyo ni mke wangu, Bwana Hilary."

"Ndiyo maana nimemwandika vizuri," alisema Bwana Hilary, akimshika bega. "Wafadhili wanataka takwimu. Pole sana, mwanangu."

Pikipiki ya buluu iliwaka kwa kuguswa tu.

Fulgensi alifungua kabureta na kuitoa gasketi. Kwenye karatasi bado ilisomeka Machi, Idete, mjamzito. Akaipeleka kwenye ofisi ya kata pamoja na kitabu. Karani aliishika kwa ncha za vidole akasema ina grisi, haiwezi kuingia kwenye faili. Fulgensi aliirudisha mahali pake, kwa kuwa gasketi zilikuwa bado hazijafika mjini.

Wiki iliyofuata Kelestini alipita Idete. Dorotea alikuwa amekaa kwenye benchi la Levina, beseni mapajani, mvua inanyesha na kanga yake kavu. Levina alikuwa anageuza vitumbua. Kelestini alizima injini.

"Panda," alisema.

Dorotea alipanda. Kelestini akapiga kiki mara nyingi, kwa utaratibu, bila hasira. Dorotea alishuka, na injini ikawaka.

"Mimi ni wa ile ya buluu," alisema. "Itauzwa lini?"

"Mradi wake unaisha mwaka elfu mbili na mbili."

Dorotea alihesabu kwa vidole. Kisha alirudi kwenye benchi, akaliweka beseni vizuri mapajani.

"Basi siku ya mnada," alisema, "usichelewe."