Mstari Chini ya Muhuri

Ofisini walimwita Mama Muhuri, na jina lenyewe alilipenda. Wizara nzima ya nishati haikutoa karatasi nje bila kupitia mezani kwake, chumba cha tatu kushoto, chenye kabati la chuma na dirisha lisilofungika vizuri. Muhuri wake ulikuwa wa duara, mpana kama kifuniko cha chupa ya chai, wino wa zambarau, na mwenyewe alijua kuugonga. Pa! Kona ya chini, kulia, kila ukurasa. Ole wako ukaimu nafasi yake halafu uugonge juu kidogo: ungelisikia hilo mpaka saa ya kwenda nyumbani.

Basi serikali ilipotangaza kwamba taarifa za mafuta na gesi ziwe wazi kwa wananchi, kila mtu aone nani anachimba, anachimba wapi na anaacha nini nyuma yake, kazi ya kuziweka kwenye tovuti ikamwangukia yeye. Maabara walileta majedwali yao safi kwenye kompyuta, pamoja na nakala moja ya karatasi ya kuhifadhi kabatini. Mama Muhuri akawa anayachapa yale ya kompyuta, anayagonga muhuri ukurasa mmoja mmoja, anayapitisha kwenye mashine ya kuskani, kisha anayapandisha kwenye tovuti yakiwa picha. Picha za karatasi, jamani! Kurasa mia na ushee kila mwezi, nyingine zimelala upande.

Mtaalamu wa takwimu, mama mmoja mpole wa miwani aliyehamishiwa pale kutoka idara nyingine, alijaribu kulisema kwenye kikao.

"Tuweke majedwali yenyewe," alisema. "Mtu ayafungue, atafute kijiji chake, alinganishe mwezi huu na uliopita. Picha haitafutiki."

"Ili wabadilishe namba halafu waseme ni zetu?" Mama Muhuri alimkata kauli. "Mimi karatasi isiyo na muhuri siitambui. Leo majedwali, kesho utasema tuwape na funguo za ofisi."

Kikao kizima kikaangua kicheko, mkurugenzi naye akacheka, na hoja ikafia hapo. Mama Muhuri akatoka kichwa juu, akajitengenezea chai yenye sukari nyingi. Laiti angejua siku ile amemshinda nani.

Alikuwa na mdogo wake mmoja tu, wa kiume, wamenyonya ziwa moja, mwalimu wa shule ya msingi iliyojengwa jirani na mitambo ya gesi, mwendo wa saa saba kwa basi. Mwalimu huyu alikuwa mtu wa utani na mdadisi kupita kiasi. Tovuti ya wizara pengine hakuna mtu mwingine aliyeifungua kwa hiari yake, lakini yeye aliifungua kila mwezi, kisa na maana dada yake ndiye anayeijaza.

Siku moja akapiga simu.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Haya, sema shida yako, maana wewe hupigi bure."

"Leo napiga kukusifu. Nimeona mmeweka vipimo vya visima vya maji vya huku kwetu. Ila nimeinamisha shingo kusoma kurasa zenu mpaka imekakamaa."

"Pole. Ungeinamisha simu."

Wakacheka wote wawili. Kisha mwalimu akashusha sauti.

"Sikiliza basi. Kisima cha shule yetu ndicho cha mwisho kwenye orodha. Mstari wa chini kabisa. Naona jina la shule, halafu zambarau tupu. Muhuri wako umeukalia. Na wazazi wananisumbua, wanasema tangu mitambo ianze maji yana ladha ya chuma. Niangalizie kwenye karatasi yenyewe, dada. Dakika moja tu."

Nakala ya maabara ilikuwa kabatini, hatua mbili kutoka kwenye kiti chake. Hatua mbili! Lakini Mama Muhuri alikuwa na fahari yake. Miaka ishirini na mbili hajawahi kumtolea ndugu hata karatasi moja kwa mlango wa nyuma, na midomo ya wenzake aliijua.

"Mdogo wangu, hapa hatuangaliziani kindugu," alisema. "Andika barua. Fuata utaratibu."

"Dada, si mmetangaza kwamba taarifa ziko wazi?"

"Ziko wazi. Andika barua."

Mwalimu akaandika barua, kwa mwandiko wake mzuri wa ubaoni. Ilipofika, dada yake aliigonga muhuri wa kupokelewa, akaiweka kwenye jalada la barua zinazosubiri, akaendelea na kazi. Mwezi uliofuata mdogo mtu akapiga tena, akauliza barua imefika wapi. Akaambiwa inashughulikiwa. Mara ya tatu alipopiga hakuuliza habari ya kisima kabisa. Aliuliza tu afya yake, na kama lile dirisha limetengenezwa. Mama Muhuri alifurahi kwamba kijana ameelewa.

Mwezi wa saba tangu vipimo vya visima vianze kutoka ndipo alipopiga wifi yake, sauti imekauka.

"Wifi, mwalimu tumemlaza. Amevimba miguu na uso. Wanasema figo. Daktari anauliza tunakunywa maji ya wapi, kila akija anarudia swali hilohilo."

Mama Muhuri alikata simu bila kuaga. Akafungua kabati, akavuta nakala za maabara za miezi saba, akaenda moja kwa moja kwenye ule mstari wa chini. Mstari wenyewe huu hapa, umetulia, maandishi meusi kwenye karatasi nyeupe. Madini ya risasi kwenye maji, mara tisa ya kiwango kinachoruhusiwa. Na kule mwisho, kulia kabisa, kwenye safu ya maoni, mtu wa maabara alikuwa ameandika: *Maji yasinywewe. Kisima kifungwe.*

Akafungua ya mwezi uliofuata. Yasinywewe. Na mwingine. Yasinywewe. Miezi saba mtu wa maabara anapiga kelele kwenye karatasi, akiamini kilichotangazwa kimesomwa, na miezi saba yeye anamziba mdomo kwa muhuri wake mwenyewe. Pa! Kona ya chini, kulia. Akakaa sakafuni na nguo zake za ofisini, akalia kwa sauti mpaka wa chumba cha pili wakaja kuchungulia.

Alipoweza kusimama alikwenda kwa yule mama wa miwani, akamkabidhi majedwali yote.

"Yatoe," alisema. "Yenyewe. Kama ulivyotaka."

"Na muhuri?"

"Achana na muhuri."

Alitamani mwenzake amseme, amtukane hata. Yule mama alivuta tu kiti akaanza kazi. Saa tisa alasiri majedwali yalikuwa kwenye tovuti. Kesho yake asubuhi walimu wa vijiji vinne walikwisha kuyafungua kwenye simu zao, redio ikayasoma, na siku ya tatu kisima cha shule kilifungwa mnyororo na kufuli, magari ya maji safi yakaanza kupeleka. Siku tatu tu! Mama Muhuri alizihesabu akiwa kwenye basi, saa saba nzima, kichwa kwenye kioo.

Mwalimu alikuwa amelala karibu na mashine ya kusafisha damu, mikono imekonda, uso umevimba hata akawa si yeye. Mkononi alishika simu. Alikuwa akisoma.

"Sasa inasomeka, dada," alisema. "Hata shingo haiumi."

Alijaribu kucheka. Dada yake akashika mguu wake juu ya shuka.

"Nisamehe mdogo wangu. Ilikuwa kabatini. Hatua mbili. Nisamehe."

"Wewe ulikuwa hujausoma ule mstari?"

"Nilikuwa nagonga tu. Sikusoma hata siku moja."

Mwalimu akailaza simu kifuani, mashine ikiendelea kuunguruma. Wifi alisimama dirishani, amewapa mgongo.

"Wazazi walitaka kugoma, unajua?" mwalimu alisema hatimaye. "Walisema watoto wasinywe yale maji. Mimi ndiye niliyewazuia. Niliita kikao, nikajaza kikombe mbele yao, nikanywa chote, nikawaambia watulie. Nikawaambia dada yangu ndiye mwenye karatasi zile, na kama kungekuwa na ubaya wowote, angenipigia simu."