Flopi ya Kinanda

Kaka yangu ana adabu kwa kompyuta kuliko kwa watu, na adabu hiyo ndiyo iliyotuponza.

Mama alitutoka zamani. Sauti yake ilibaki kwenye flopi moja tu, zile diski bapa za zamani za kompyuta: wimbo aliourekodi kwa kinanda cha kwaya, na kinanda chenyewe kilishakufa. Baba alikuwa amelala chumba cha pili, figo zimegoma. Hakuomba dawa wala chakula. "Nataka kumsikia mama yenu kabla sijaenda," alisema. Basi.

Shida ni kwamba kinanda kile kiliandika kivyake. Kwenye flopi za kawaida kila duara la kurekodia lina vipande tisa. Chenyewe kilibana kumi. Kompyuta ikiisoma flopi hiyo inaona takataka tupu. Kaka kazi yake ni kuandika draiva, zile programu zinazoifundisha kompyuta kuelewana na vifaa, kwa hiyo akajifungia kuifundisha kompyuta mpangilio huo. Akajaribu kwa flopi nyingine za kwaya, zikasomeka. Nikamchemshia chai na kumsifu. Mjinga mimi.

"Sasa nipe ya mama," akasema.

Ilikuwa imeliwa na unyevu; ukiitikisa inadondosha unga wa kahawia. "Hii haisomwi mara mbili, dada," alinionya mwenyewe. Akaichomeka.

Ikakwaruza. Ikanyamaza. Ikakwaruza tena.

"Mbona inahangaika? Si umeshaifundisha?"

Uso ukamshuka. "Mpangilio wetu nimeuweka wa mwisho."

"Wa mwisho kwa nini?"

"Ndivyo tunavyofanya kazini. Mpya anakaa nyuma ya wakubwa zake, asije akawavurugia wengine."

Akili nyingi huondoa maarifa. Draiva ilikuwa inajaribu mipangilio yote ya kawaida kwanza. Kila ikishindwa inarudia, na kila ikirudia kichwa cha kusomea kinaiparura flopi. Zile za majaribio zilikuwa nzima, zikavumilia. Hii ilikuwa inachunwa ngozi mbele ya macho yetu.

"Itoe!"

Mkono wake ulikuwa njiani kwenda kwenye kitufe, lakini zamu ya mpangilio wetu ikafika kwanza, na spika ikafunguka. Mama akasafisha koo, vilevile alivyozoea.

"Nianze?" akauliza.

Kisha mvumo mtupu, mpaka mwisho wa flopi. Kaka akajaribu tena. Hata lile neno moja halikurudi.

Nilitaka kumzaba kibao, haki ya Mungu. Nilikuwa nimeshainua mkono pale sauti ya baba ilipotoka chumba cha pili, kwa nguvu ambayo hatukuwa tumeisikia tangu augue.

"Anza, mke wangu. Nakusikiliza."

Tukatazamana, mimi na kaka, nani aende kumwambia.