Mikono ya Yaya Pulchérie

Yaya Pulchérie, dada yangu mkubwa, alianza kutetemeka mikono msimu wa kuvuna mihogo. Chai ilimmwagikia, sindano ikamshinda. Alikula kuliko sisi sote na bado alikonda, akilowa jasho hata asubuhi ya baridi.

Baba mdogo Bertin, mwanaume asiyejua kunyamaza, hakuhitaji daktari. “Hii ni karuho,” akasema. Karuho ni ile sumu ambayo watu wa kwetu huisingizia kila ugonjwa unaoua polepole. Na mwenye kuitia akapatikana papo hapo: Constance, jirani yetu hapa Mboko, rafiki wa yaya tangu utoto, kwa sababu walizoea kula sahani moja. Nilisema huo ni upuuzi. Nani ananisikiliza mimi!

Yaya akapelekwa kwa mganga, akatapishwa mpaka akabaki mifupa. Constance akatukanwa njiani, mlango wake ukavunjwa. Yaya alilia, lakini hakumtetea. Naye alikuwa ameanza kuamini. Constance akahamia Kilembwe na mzigo mmoja kichwani.

Siku yaya alipozimia, nilimpandisha pikipiki bila kuomba ruhusa ya mtu, tukaenda Nundu hospitalini. Muuguzi akampapasa shingo.

“Mikono inaweza kutetemeka juu ya mambo mingi,” akasema. “Kahawa, pombe, woga, dawa zingine, uzee. Lakini kama roho inapiga mbio, na muntu anakula lakini anakonda, musingoje. Hii inaonekana ni tezi ya mu shingo. Mulikawiya juu ya nini?”

Nilitamani baba mdogo angekuwepo ajibu swali hilo.

Kipimo cha damu kilionyesha kweli ni tezi. Baada ya miezi ya vidonge mikono ilitulia. Mimi nilifurahi, yeye hakufurahi. “Tuende kwa Constance,” akasema.

Tulimkuta Kilembwe akimenya mihogo. Hakutufukuza. Alitupatia viti, akauliza habari za nyumbani. Yaya akapiga magoti.

“Unisamehe, Constance. Ilikuwa magonjwa tu.”

“Nilisikia. Mungu asifiwe, umepona.”

Sombe, mboga ya majani ya mihogo, ilikuwa inachemka motoni, harufu imejaa nyumba nzima, nasi tulikuwa na njaa ya safari. Constance akainuka, akaenda dukani, akarudi na chupa mbili za maji. Akaziweka mbele yetu.

“Mufungue benyewe,” akasema.

Yaya akafungua yake kwa mikono iliyotulia kabisa, akashindwa kunywa.