Mpanda Joka Hakuomba Radhi

Mfasiri alikuwa amekaa mkao wa kula. Jioni hiyo ilikuwa zamu ya sehemu ya mwisho ya tamthilia ya televisheni aliyoitafsiri kwa misimu mitatu, na sebule ya mama yake ilijaa pomoni: majirani kochini, majirani mkekani, fundi friji wa mlango wa pili kajibanza kwenye fremu ya mlango. Wote walijua kwamba maneno ya Mpanda Joka yanatoka kichwani mwa binti wa nyumba ile. Mama mtu alivimba kichwa kana kwamba joka lenyewe kalizaa yeye.

Kisa walikijua kama njia ya kurudi nyumbani. Mfalme kawafungia watu mto kwa uchawi, wakafa kwa kiu, dada yake Mpanda Joka akiwa miongoni mwao. Mfalme huyo ni baba mdogo wa Mpanda Joka, ndiye aliyemlea kijana. Misimu mitatu kijana kaasi, kafukuzwa, kapoteza jicho, na leo kaingia ukumbini peke yake. Kiatu cha marehemu dada yake kiko sakafuni, mbele ya miguu ya mfalme. Kijana anapiga goti, anakiokota, anainuka, anamtazama baba yake mdogo usoni na kusema neno moja tu.

Neno hilo lilikuwa limemnyima mfasiri usingizi. Katika kazi ya kuingiza sauti za Kiswahili kwenye tamthilia za kigeni maana peke yake haitoshi, midomo nayo ina haki yake. Pale kwenye picha midomo ya kijana inakutana mara moja, kisha inaachana. Alijaribu "ondoka", midomo haikutani. Alijaribu "toka", mambo yale yale. Likaja kumjia siku moja akisuuza vyombo: "Nipishe." Kwenye "pi" midomo inafunga, inakaa sawasawa kama mfuniko na sufuria yake. Tena ni neno la kila mtu. Unalisema ukiwa na ndoo mkononi, na unalisema ukiwa umechoka kuonewa.

Basi kijana akainuka na kile kiatu. Midomo ikafunga, ikafunguka, na sauti nzito ikatoka:

"Niwie radhi."

Picha ilishafunga mdomo, sauti bado inamalizia.

"Ndiyo nini hiki?" fundi friji akafoka. "Anamwomba radhi muuaji?"

"Misimu mitatu!" jirani wa kochini akadakia. "Misimu mitatu mboga zinaniungulia jikoni, kumbe nasubiri huyu bwana aje kulamba miguu!"

Mama akaikunjia televisheni uso. "Mbona mdomo umekwenda sokoni, sauti imebaki nyumbani? Mwanangu, ndivyo ulivyoandika?"

"Sivyo, mama. Si neno langu hilo."

"Usijitetee, dada," fundi friji akamwambia. "Uoga ni wako, umemvisha mtu mwenye joka lake."

Watu wakaondoka mmoja mmoja bila hata kuaga vizuri. Mfasiri alitamani ardhi ipasuke. Kutukanwa kwa kosa lako kunauma, lakini kutukanwa kwa kosa la mtu mwingine kunachoma mpaka kwenye maini.

Asubuhi alimkuta Besi studio. Besi ndiye sauti ya Mpanda Joka, na jina lilimjia kwa sababu akikohoa tu vikombe vinatetemeka.

"Mimi msemaji tu, dada," Besi akasema, macho chini. "Ulipokuwa unaumwa Mkuu aliingia, akasema nibadilishe. Nikamwambia mdomo hauoani. Akasema watu hawaangalii mdomo."

"Mama yangu haoni bila miwani, na ameuona."

Akaenda moja kwa moja ofisini kwa Mkuu, mwenye studio, hedifoni zake mkononi.

"Huyo ni baba yake mdogo," Mkuu akasema kabla hajaulizwa. "Kamlea. Mtoto anamwambia mzazi nipishe? Watoto wanaangalia. Tumemaliza kwa heshima, kwa amani."

"Amani gani, Mkuu? Mto bado umefungwa! Kijana alipiga goti aokote kiatu cha dada yake. Wewe umeligeuza goti lile likawa la kuomba. Umeyazima maasi ya misimu mitatu kwa neno moja, na neno lenyewe anamwambia muuaji huku kashika kiatu cha marehemu dada yake." Aliweka hedifoni mezani. "Marudio ni Jumamosi. Besi yupo, maikrofoni ipo. Rudisha neno."

Mkuu akapiga meza kwa kiganja. Hedifoni zikateleza, zikaanguka upande wake. Akainuka, akazisogeza kwa ncha ya kiatu, akaenda nazo hivyo hivyo mpaka mlangoni na kusimama pale, kajaza fremu nzima.

"Sasa sikiliza, binti. Utaniomba radhi mbele ya wenzako, halafu tamthilia mpya nitakupa wewe. Usipoomba, kazi huna."

Mjini pale hapakuwa na studio nyingine ya kuingiza sauti. Mfasiri alilijua hilo, na Mkuu alijua kwamba analijua. Kazi ile aliipenda kuliko kitu chochote, hata ugomvi wake wa kila siku na midomo ya watu. Nyuma ya kioo cha ofisi Besi na wenzake walikuwa wameacha kazi, wanatazama.

Mfasiri akamsogelea Mkuu. Akapiga goti mbele yake.

"Haya," Mkuu akatabasamu. "Hivyo ndivyo. Yaishe."

Mfasiri akaziokota hedifoni zake, akazipangusa vumbi kwa upindo wa nguo, akazivaa shingoni. Akainuka, akamtazama usoni.

"Nipishe."

Mdomo wa Mkuu ukafunguka, ukafunga, ukafunguka tena, na sauti haikutoka. Kisha akapisha.