Tangi Linalotoa Chavua

Mkaguzi wa hewa alipoleta kile kifaa, mume wangu alikipokea kwa mikono miwili, kama anayekabidhiwa kichanga cha watu. Sijawahi kumwona akipokea kitu hivyo. Mama yangu mzazi alipokuja kututembelea alimpokea kwa mkono mmoja, wa pili umeshika simu.

Kilikuwa pampu ndogo ya kufunga kiunoni, yenye mrija unaopanda hadi kwenye kola ya shati, na mwisho wa mrija kuna kichujio cheupe. Ukibonyeza kitufe, pampu inalia kama mbu na kuvuta hewa ile ile anayovuta aliyeivaa. Jioni mkaguzi anachukua kichujio, anakipima, na anajua mfanyakazi amevuta nini kutwa nzima.

“Kifungwe kwa mfanyakazi wa kwenye tangi,” mkaguzi alisema. “Na msikivue. Kina akili, kikivuliwa kinajizima na mimi nitajua. Kromu ikizidi, tangi linafungwa mpaka feni itengenezwe. Isipozidi, mnaendelea na kazi.”

“Na pua yako inakuambiaje?” nilimuuliza, maana tulikuwa tumesimama ndani ya banda na hewa inakwaruza koo.

“Mama, mimi siiamini pua. Pua ni ya mtu, na mtu ana chuki zake. Naamini kifaa.” Akakohoa, akapanda gari lake, akaenda zake.

Aliyemwita ni mimi. Nilipiga simu ofisi ya mazingira kwa siri na sijutii hata kidogo. Kiwanda chetu ni banda refu la mabati. Watu wanatuletea bampa za magari zilizoliwa na kutu, koki za bafuni, vyuma vya vitanda vya hospitali na vikombe vya mashindano vilivyofubaa. Tunavichovya kwenye tangi la kromu, tunapitisha umeme, vinatoka vinang'aa hadi unaweza kujipaka wanja ukijitazama humo. Lakini umeme ukipita, tangi linatoa mapovu madogo madogo, na kila povu likipasuka linarusha ukungu wa manjano. Juu yake kuna feni kubwa ya kuuvuta ukungu huo. Feni hiyo iliungua siku nyingi. Ndege walijenga kiota ndani yake, halafu hata wao wakahama.

Anayesimama kwenye tangi ni mdogo wangu, kitinda mimba wa kwetu. Mume wangu alimwajiri mwenyewe, akasema shemeji hawezi kumwibia. Ni kweli, hakumwibia. Akaanza kutoka damu puani, kwanza mara moja moja, baadaye kila siku, mpaka akawa anatembea na leso nyekundu ili madoa yasionekane. Daktari alimmulika tochi akasema ule ukuta wa katikati ya pua unaliwa, na asipoondoka kwenye ukungu ule utatoboka. Nilimwambia mume wangu atengeneze feni. Akasema kutengeneza feni ni kufunga tangi, kufunga tangi ni kufukuza wateja, na wateja wakikimbia sote tutakula kromu. Tuligombana mpaka mama mkwe akasogeza kiti chake karibu ili asikie vizuri.

Basi asubuhi ile kifaa kilikuwa mezani, kimewekewa kitambaa safi chini yake, na mume wangu anakizunguka.

“Huyu hawezi kukaa humu ndani,” alisema. “Atachafuka.”

“Nani?”

“Kifaa! Hukioni kilivyo cheupe?” Akamwita mdogo wangu. “Shemeji, kifunge kiunoni, uende nacho kule kilimani, kwenye kitalu cha maua. Ukae huko mpaka jioni.”

“Nikafanye nini, shemeji?”

“Upumue.”

Mdogo wangu alidhani anatukanwa. Alinitazama mimi, nami nikatazama dari, kwa sababu nilikuwa na hasira kiasi kwamba ningefungua mdomo ndoa ingevunjika hapo hapo. Mtu amevuta ukungu mwaka baada ya mwaka na hakuna aliyemwambia aende akapumue. Kipampu kimekuja jana, tayari kinapelekwa kubadili hewa.

Alirudi jioni na petali la waridi kwenye nywele. Leso ilikuwa kavu.

“Dada,” alisema, na sauti ilikuwa ya yule mtoto niliyembeba mgongoni, “leo nimesikia harufu ya udongo. Nilidhani pua yangu imekufa.”

Nilifurahi mpaka nikakasirika upya. Mume wangu naye alifurahi, lakini kwa ajili ya kichujio. Alikishika mbele ya taa, akakisifu weupe wake, akamkabidhi mkaguzi na kikombe cha chai juu yake.

Nilingoja majibu nikijua kwamba nimeshindwa. Mkaguzi alirudi mbio mbio, shati limechomoka, macho yamemtoka.

“Mzee,” alimwambia mume wangu, “unaweka nini kwenye tangi lako?”

Mume wangu aliyumba kidogo. “Kromu tu, mkubwa. Kromu na maji.”

“Kromu sikuiona hata chembe! Nimekuta chavua. Lile vumbi la maua. Nimepima mara ya pili, nikampa mwenzangu akapima, ni chavua tupu. Tangi lako linatoa chavua!”

Nilimtazama mume wangu nikingoja acheke, au akiri, au azimie. Akajikausha.

“Sisi tunapenda usafi,” alisema.

“Hewa yenu ni safi kuliko ya ofisini kwetu. Hii ni habari kubwa. Lazima tuithibitishe.” Mkaguzi alifungua mlango wa nyuma wa gari. Humo mlikuwa na sanduku, na ndani ya sanduku pampu zimelala zikisubiri viuno. “Wafanyakazi wote watavaa, kila siku, asubuhi mpaka jioni, mpaka tuelewe.”

Mume wangu alikuwa amejipalia makaa. Pampu moja ikiwa imevuta chavua na nyingine zivute kromu, ataeleza nini? Kesho yake asubuhi wafanyakazi wote walipanda kilimani wamevaa ovaroli zenye matundu ya asidi, pampu zinalia viunoni kama kundi la mbu linalokwenda kazini. Mama mkwe pia alikwenda, kwa sababu kwenye karatasi yeye ni karani wa mapokezi. Alibebewa kiti chake. Mimi sikupewa pampu. Mke si mfanyakazi. Mume wangu amelisema hilo kila mwisho wa mwezi tangu tuoane.

Kule kitaluni walianza kwa kukaa tu. Kisha wakachoka kukaa, wakamsaidia mwenye kitalu kumwagilia. Mama mkwe alishika uongozi siku hiyo hiyo na kuanza kugombeza watu kuhusu mbolea. Waling'arisha ndoo, wakang'arisha makopo ya kumwagilia, kwa sababu mikono ya mng'arishaji haijui kutulia. Kila jioni walishuka wamenawiri, wanaimba, na vichujio vyao vilikuwa vyeupe, vina vumbi la njano la maua. Mkaguzi alivipokea kwa machozi ya furaha.

Lakini bampa hazijichovyi zenyewe. Wateja walikuwa wanapiga simu, na wale wa vitanda vya hospitali walikuja wenyewe wakasimama mlangoni wameshika viuno. Mume wangu alivaa glovu, akavaa aproni ya mdogo wangu, iliyomwishia mapajani kwa sababu ya tumbo, akasimama kwenye tangi peke yake.

Mimi nilikuwa dirishani, upande wa mapokezi, nimefunga kioo. Sitasema uongo: siku ya kwanza nilicheka. Nilimtazama anavyokimbia kutoka tangi hadi swichi na kurudi, anavyomlaani mchovyaji mzembe aliyeacha kulabu imepinda, akisahau kwamba mchovyaji ni yeye. Niliona haki inatendeka na nikajipikia chai. Siku zilizofuata kicheko kikapungua. Alianza kukohoa usingizini. Akaanza kula bila kusema chumvi imezidi, na mume wangu ni mtu wa kusema chumvi imezidi hata kwenye maji. Nilimpa uji wa moto, akauinamia muda mrefu, akaniuliza uji wa nini. Nilikuwa nimeuunguza. Nyumba nzima ilikuwa inanuka moshi na yeye hasikii harufu.

Nikamwambia awaite watu warudi. Akatikisa kichwa. “Wakirudi na zile pampu, zitasema.”

“Zikisema, utatengeneza feni.”

“Tangi litafungwa, mke wangu. Tutakuwa hatuna mbele wala nyuma.”

Siku moja mkaguzi alikuja mchana bila taarifa. Nilimfuata ndani ya banda nimeziba pua kwa kanga. Mume wangu alikuwa ameinama juu ya tangi, mvuke wa manjano unampanda usoni.

“Wafanyakazi wako wapi?” mkaguzi aliuliza.

“Wamekwenda kula.”

“Mbona pua yako inatoka damu?”

“Joto.”

Mkaguzi alitazama huku na huku. Alianza kukohoa, kisha machozi yakamtiririka mpaka kwenye kola. Nikasema moyoni, haya, sasa ameona. Alitoa leso akajifuta.

“Samahani,” alisema. “Chavua imekuwa nyingi leo. Mimi nina mzio wa maua.”

Nilitaka kumsukumia ndani ya tangi. Mume wangu akavua glovu moja, akamshika mkono, akasema kwa sauti ambayo sikuwa nimewahi kuisikia, sauti ya mtu anayeomba, “Mkubwa, na mimi nifungie kimoja.”

“Kifaa?”

“Kimoja tu. Na mimi nivae.”

Nilielewa mara moja. Hakutaka kupimwa. Alitaka kupelekwa kilimani.

“Haiwezekani, mzee,” mkaguzi alisema kwa upole. “Sheria inasema mfanyakazi. Wewe ni mwenye kiwanda. Mwenye kiwanda, kisheria, hapumui.” Akaandika jambo, akamsifu kwa hewa yake, akatoka akipiga chafya.

Mume wangu alibaki amesimama. Tone moja la damu lilimdondoka puani likaangukia bampa iliyokuwa imetoka kung'aa. Alilifuta kwa kidole, likaenea. Akalifuta tena, likaenea zaidi. Akaendelea kufuta, na niliona mabega yake yanatikisika, na hasira yangu yote niliyoitunza ikaniishia mikononi. Nampenda mtu huyu. Ni mkaidi, ni bahili, lakini nampenda, na nilikuwa nimekaa nyuma ya kioo nikimtazama anavyoliwa.

Alasiri ile mdogo wangu alishuka kabla ya wenzake, ameniletea mche wa waridi kwenye kopo linalong'aa. Uso wake ulikuwa umejaa. Alipomwona shemeji yake aliacha kutabasamu. Alitoa leso yake nyekundu mfukoni, ambayo sasa haikuwa na kazi, akampa. Mume wangu akaipokea kwa mikono miwili.

“Vua hicho kiunoni,” nilimwambia mdogo wangu.

“Dada, kitajizima.”

“Kijizime. Nipe.”

Pampu ilivuliwa, ikanyamaza. Nilimfunga mume wangu mkanda wake, ambao ilibidi niuvute mpaka tundu la mwisho, nikapandisha mrija, nikabana kichujio kwenye kola yake.

“Unafanya nini?” aliniuliza. “Sheria inasema mfanyakazi.”

“Siku ya kwanza mkaguzi alisema kifungwe kwa mfanyakazi wa kwenye tangi. Nani yuko kwenye tangi?”

Aligusa kichujio kwa ncha ya kidole. Kilikuwa na vumbi la njano la maua, na karibu na kidole chake kilikuwa kimeanza kuingia wekundu wa damu.

“Kitasema,” alisema.

“Ndiyo, kitasema.”

Alitazama juu, kwenye ile feni na kiota chake kitupu. Alimtazama mdogo wangu, akamtazama puani kabisa, kama daktari. Mimi nilikuwa nimeshafanya yangu na sikuwa na nguvu ya kumlazimisha. Kifaa kilikuwa kimya kiunoni pake na kingeweza kubaki hivyo.

“Shemeji,” alisema, “hicho kitufe kiko upande gani? Tumbo linanizuia kukiona.”

“Kulia, shemeji. Chini kidogo.”

Mume wangu alipapasa, akakipata, akabonyeza.