Fito Thelathini na Mbili

Mjomba wangu huchomelea mageti na grili za madirisha. Ana sheria moja: kilichoandikwa kwenye mchoro ndicho kinachokatwa. Mteja akikosea, shauri yake.

Wiki iliyopita nilimpelekea mchoro wa mradi wangu wa chuo: mchemraba mdogo ndani ya mkubwa, pembe zimeunganishwa kwa fito za chuma. Ndivyo wengi wanavyouchora mchemraba wa mielekeo minne (urefu, upana, kimo na mmoja wa ziada), umbo ambalo jicho la binadamu haliwezi kuliona lilivyo. Tunaambulia kivuli chake tu. Pembeni niliandika: "Fito 32, kila moja sentimita 20." Kwenye umbo lenyewe ni kweli, kingo zote ziko sawa. Kwenye mchoro wangu haiwezekani: mdogo hauwezi kuwa na fito sawa na za mkubwa. Sikuliona hilo.

Nilitakiwa kuwasilisha leo saa nane mchana. Nilishafeli mara moja. Nikifeli tena, narudia mwaka. Saa tano nikafika karakana.

Mezani palikuwa na michemraba miwili iliyolingana, mmoja umetokeza nusu nje ya mwenzake, kimshazari.

"Mjomba, ule mdogo uko wapi?"

"Mdogo gani? Umeniandikia ishirini zote. Nimehangaika nao siku mbili, hauingii hata kwa dawa. Nikasema huyu mtoto kasoma, ana sababu zake. Nikauvuta nje kidogo kidogo mpaka ishirini ikatimia."

"Lakini mchoro..."

"Mchoro unasema hivi, namba zinasema vile. Mimi nakata namba. Mbona unalia?"

"Silii."

"Haya, basi paa linavuja."

Nilichukua futi yake nikapima. Ishirini. Ishirini. Nilipima zote thelathini na mbili. Nikahesabu pembe: kumi na sita, na katika kila pembe fito nne zinakutana. Kilichokosewa kilikuwa mchoro wangu peke yake.

Saa nane, chuoni, mhadhiri alilizunguka lile umbo mara mbili.

"Wenzako huleta mdogo ndani ya mkubwa. Wewe vipi?"

Maneno niliyokariri yalikuwa ya umbo lingine. Ningeweza kusema nilikusudia.

"Nilikosea mchoro," nikasema. "Fundi akafuata vipimo. Hapa urefu wote umebaki sawa, ila miraba mingine imelala upande, si miraba kamili tena. Kwenye ule wa wenzangu, urefu ndio unaopotea."

"Kwa hiyo upi wa kweli?"

"Hakuna. Kila kivuli kinadanganya mahali pake."

Akaandika kitu.

"Umepita. Ila mchoro uliomo kwenye ripoti ni wa uongo. Uchore upya kabla hujatoka."

Nilikaa kiti cha nyuma na penseli. Mchemraba wa kwanza ulikuja upesi. Wa pili niliufuta mara tatu. Umbo lilikuwa mbele yangu, la chuma kabisa, lakini mkono bado uliurudisha ule wa pili ndani ya wa kwanza.