Siku Nne Bila Panga

Protase alifariki Jumanne asubuhi, kahawa ikiwa imeanikwa uani, na siku ile hakuna aliyekumbuka kuigeuza. Walimzika Alhamisi kibanjani, Rubafu, kati ya migomba aliyokuwa akiipima.

Mjane wake, Renatha, alikaa chini kwenye nyasi zilizotandikwa sebuleni. Hakulia sana. Kupitia mlangoni aliona mgomba mmoja umeanza kunyauka, majani yanageuka njano. Aliutazama siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Hakuna aliyeukata. Kwao msiba ukiingia, hakuna anayekwenda shambani na jembe wala panga mpaka siku nne zipite, na hilo si jambo la kukumbushana.

Hapo ndipo alipokumbuka daftari.

Protase alikuwa mtafiti wa ugonjwa wa mnyauko. Makala yake, iliyochapishwa mwaka juzi, ilisema mgomba ulioonyesha dalili ukikatwa siku ileile, hakuna haja ya kung'oa shina zima; machipukizi hupona. Aliyezungukia mashamba ishirini na kujaza daftari alikuwa Renatha. Katikati ya kazi ile Mzee Ndyamukama akafa, na upande mzima wa kijiji ukakaa msibani. Yeye naye alikaa, na kwa siku nne migomba iliyonyauka haikukatwa. Aliporudi shambani alijaza kurasa kama utaratibu ulivyotaka: umeonekana leo, umekatwa leo. Protase alikuwa Morogoro wakati huo, na aliporudi alipokea daftari lililojaa.

Wiki tatu baada ya mazishi, Daktari Wilbert, aliyeandika makala ile pamoja na Protase, alikuja kutoka Bukoba kuhani. Renatha alimweleza akiwa bado hajamaliza chai.

"Mashamba mangapi, shemeji?"

"Tisa."

Wilbert akaweka kikombe chini. "Lingekuwa moja, tungeomba marekebisho. Jarida linatoa tangazo dogo: kosa ni hili, usahihi ni huu, makala inabaki. Kwa mashamba tisa hesabu yote inaanguka. Hapo wanaibatilisha."

"Wanaifuta?"

"Hawafuti. Inabaki palepale, ila kila ukurasa unapigwa neno 'imebatilishwa'. Na jina lake liko juu."

Kokugonza, mama yake Protase, alikuwa pembeni anamenya ndizi. "Kwa hiyo mwanangu atakuwa mwongo kwenye karatasi."

"Hapana, mama. Wanaandika na sababu."

"Nani anasoma sababu?"

Wilbert alikiri kuwa ni wachache. Akapangusa magoti yake, ingawa hayakuwa na kitu. "Wanaojua jambo hili ni sisi watatu tu," alisema.

Renatha alitazama nje. Ng'ambo ya uzio jirani yao, Celina, alikuwa akichimba. Mwaka jana aliacha mashina yake yote kwa sababu Protase alimwambia yatapona. Sasa alikuwa anayang'oa.

"Andika," Renatha alisema. "Na useme daftari nilijaza mimi."

"Jina lako halihitajiki. Wewe si mwandishi, uko kwenye shukrani tu."

"Basi sema msaidizi wa shambani. Sema alikuwa msibani."

Kokugonza aliendelea kumenya. Baadaye kidogo alisema, "Ndyamukama huyo. Hata alipokuwa hai alikuwa anachelewesha watu." Wilbert alicheka kidogo, akaacha.

Jarida lilijibu baada ya miezi mitano. Mhariri alitaka picha za kurasa zote za daftari, kisha akataka kila mwandishi athibitishe kwa barua kwamba anakubali. Mahali pa Protase Wilbert aliandika: marehemu.

Makala ipo mtandaoni. Neno jekundu limepita mshazari juu ya kila ukurasa, na chini yake maandishi bado yanasomeka, hadi mwisho kwenye shukrani, ambapo Protase anamshukuru mkewe kwa kujaza kumbukumbu kwa uangalifu.

Wilbert ameanza kupima upya mashamba yaleyale. Daftari la sasa lina safu moja ya ziada, ya siku za msiba, na Renatha huijaza kila Jumamosi.